Karatasi Nyuma ya Picha ya Rais

Jumamosi. Kawempe, Kampala. Mvua tangu alfajiri.

Magoti yalinijulisha tangu jana kwamba mvua inakuja, na magoti yangu hayajawahi kudanganya. Nimekaa karibu na dirisha, shali mabegani, chai ya tangawizi imepoa mkononi, na moyo wangu hauko hapa. Moyo uko Nsambya, kwenye laini za polisi, zile nyumba za safu za askari na familia zao, miaka ile ya sabini tulipotawaliwa na wanajeshi. Acha niandike kabla haujarudi.

Unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, karibu. Mimi ni Mama Akello. Nilisoma mpaka darasa la sita, kwetu Lango, kaskazini, na kama baba yangu asingefariki ningeendelea, maana akili ilikuwepo. Kiswahili nilikipata laini, baada ya kuolewa na askari polisi, kwa sababu laini ilikuwa na makabila yote na hakuna aliyetaka kujifunza lugha ya mwenzake. Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia ukurasa huu. Ninaandika kwa kidole kimoja kwenye simu, yeye anarekebisha herufi tu. Maneno ni yangu.

Leo asubuhi binti yangu Akello alikuja kupiga picha karatasi zote za familia, zikae kwenye kompyuta hata nyumba ikiungua. Akello alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari mpaka alipostaafu. Akipita uwanjani shule nzima ilinyamaza, mpaka ndege. Sisemi hivyo kwa kujisifu.

Basi, nasema kwa kujisifu. Nimezaa, nimelea, nina haki.

Tena nijisifu kidogo zaidi, kwa sababu leo Akello mwenyewe, mwanamke asiyesifu mtu ovyo, alishika cheti changu cha ndoa akasema, "Mama, hiki kimekaa vizuri kuliko cha kwangu." Cha kwake alikipeleka mjini kikafunikwa nailoni ya moto, sasa wino umekimbia na jina la mume wake halisomeki. Mimi sijafunika kitu na nailoni. Nailoni inatoa jasho. Karatasi zangu zimelala kwenye sanduku la bati, juu ya matofali mawili ili mchwa wasipande, kila moja ndani ya gazeti kavu, na majani ya tumbaku kwenye kona nne. Mende hapendi tumbaku. Pini zote nilizitoa, maana pini ikishika kutu inakula karatasi kama kidonda. Mara mbili kwa mwaka nazitoa zipate hewa kivulini. Juani hapana, jua linakausha mpaka zinavunjika kama chapati ya juzi. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu.

Na somo kubwa kuliko yote nililipata kwa sababu ya mdomo wangu.

Nyumba yetu ya laini ilikuwa chumba kimoja na sebule. Kila Jumamosi afande alipita kukagua: sufuria zimesuguliwa kwa majivu mpaka unaona meno yako, godoro nje, ua umefagiwa mistari. Nyumba safi kuliko zote ilisifiwa mbele ya watu, na mara nyingi ilikuwa ya kwangu, muulize yeyote aliyebaki hai. Lakini mimi sikutosheka na usafi. Nilitaka ukuta.

Nilimwendea seremala wa sokoni Nakasero, akanitengenezea fremu nne zenye kioo. Moja cheti cha ndoa. Moja barua ya kuajiriwa kwa Baba Akello, imeandikwa kijiji chake, chifu wake na wilaya yake. Moja kadi ya ubatizo ya Akello. Ya nne niliiacha tupu, nikisubiri cheti chochote ambacho mtoto wangu angeleta. Mgeni akiingia sebuleni nilimpa kiti kinachotazama ukuta. Hakuwa na pa kukimbilia.

Halafu serikali ikapinduliwa, na ukuta wangu ukageuka hatari.

Sitaeleza siasa, sikuzijua wakati ule na sasa sizitaki. Nitasema tu kwamba rais aliyepinduliwa alikuwa wa upande wa kwetu, na kuanzia hapo kijiji chako kilitosha kukuua. Wanaume wa kwetu waliitwa kazini usiku au mchana, wakaenda, viatu vyao vikabaki mlangoni. Mdogo wa Baba Akello, shemeji yangu Ogwang, alikuwa jeshini. Alitoweka wiki ileile. Mama mkwe wangu kule kijijini alinyoa nywele, akaketi matanga bila maiti.

Baba Akello, mtu wa maneno machache, alisimama mbele ya ukuta wangu jioni moja akasema, "Choma."

Nikasema, "Nichome ndoa yangu?"

"Choma vyote. Mtu akiingia hapa hana haja ya kuniuliza nilikozaliwa. Umemwandikia ukutani."

Alisema kweli. Nilizitoa fremu. Lakini kuchoma, mikono ilikataa. Sisi ambao hatukusoma sana tunajua karatasi ni nini. Aliyesoma akipoteza cheti anaweza kusimama mbele ya ofisa akajieleza kwa Kiingereza mpaka apewe kingine. Mimi ningejieleza na nini?

Wakati huohuo tukapewa picha ya rais mpya, kila nyumba ya laini iitundike sebuleni. Picha ilitolewa bure, fremu ujitafutie. Nilikuwa na fremu tupu. Na nilipokuwa nafungua mgongo wake niweke picha, wazo likaja lenyewe, kama mtu amenigusa bega.

Nani atathubutu kumfungua Rais mgongoni?

Nilipanga karatasi zote nyuma yake, nikaweka kadibodi, nikapigilia vimisumari, nikabandika karatasi ya gundi pembeni. Yeye akawa anatazama sebule, na sisi tumelala nyuma ya koti lake, ndoa yetu, kijiji chetu, ubatizo wetu. Baba Akello nilimwambia nimechoma. Alilala vizuri usiku ule. Mimi pia.

Miaka ikaenda. Kila kitu kipya kiliingia humo. Ripoti za shule za Akello ziliingia. Na siku moja ikaingia barua.

Ililetwa na dereva wa lori, imekunjwa ndogo kama kidonge, ndani ya pakiti ya sigara. Mwandiko wa Ogwang. Yuko hai. Yuko Tanzania, amepata kazi ya kufundisha udereva, tumwambie mama asilie. Ukurasa mmoja. Wakati ule barua kutoka Tanzania ikikutwa nyumbani kwa polisi wa kutoka kwetu, hakuna aliyesubiri maelezo. Nilijua. Lakini mama mkwe wangu alikuwa amenyoa nywele kwa ajili ya mtoto aliye hai, na ile barua ndiyo ushahidi pekee. Kuipitisha kwenye vizuizi vya barabarani mpaka Lango haikuwezekana, basi ikae mpaka itakapowezekana. Ikaenda nyuma ya Rais.

Sasa nimlete Mama Zubeda.

Mama Zubeda alikuwa jirani wa mlango wa tatu. Mnubi, mke wa sajini, watu wa upande wa wenye serikali. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawake wa laini: sukari ya mgao ilipita kwake, ugomvi wa bomba la maji uliamuliwa kwake, amri za maofisa kwa wake za askari zilitangazwa barazani kwake. Mrefu, amenyooka, miwani puani, gauni limepigwa pasi hata akienda kuteka maji. Alikuwa na binti mmoja, Zubeda, umri sawa na Akello, anasoma shule ya Waislamu kilima cha pili. Wale wasichana wawili waliruka kamba pamoja kila jioni kama mapacha. Sisi mama zao tulikuwa tunasalimiana kama maofisa wa nchi mbili.

Kosa lilikuwa langu. Kila muhula ripoti zikitoka, nilisimama bombani nikatangaza. "Akello wangu wa kwanza tena! Wa kwanza! Sijui nitamfanya nini huyu mtoto." Wanawake walipiga vigelegele, wengine kwa kuchoka. Mama Zubeda alijaza ndoo yake, akasema, "Hongera, Mama Akello," akaondoka. Hata siku moja hakutaja ripoti ya Zubeda. Nami kwa roho yangu ndogo nilidhani najua kwa nini.

Ungamo: Akello hakuwa wa kwanza.

Alikuwa wa tano. Muhula mmoja wa saba. Ni vizuri sana, darasa lilikuwa limejaa. Lakini "wa tano" haina sauti bombani.

Basi, siku yenyewe. Nilikuwa Nakasero sokoni tangu asubuhi, kutafuta chumvi, ambayo miaka ile ilitafutwa kama mtoto aliyepotea. Narudi nyumbani, naweka kikapu, nainua macho.

Ukutani kuna Rais mwingine.

Uso uleule, lakini alikuwa amejipandisha cheo, na nishani zimejaa upande mzima wa kifua. Picha mpya, imegongwa kwa msumari bila fremu. Akello akaja mbio, umri wa miaka kumi na miwili, furaha usoni. "Mama, wamesema za zamani zirudishwe zote leo! Nimempa Mama Zubeda. Nilipangusa kioo kwanza."

Alipangusa kioo kwanza. Ndivyo nilivyomlea.

Sijui niliketi au nilisimama. Nakumbuka chumvi tu, nilikuwa bado nimeishika. Baba Akello alikuwa zamu, analinda lango la ofisi kule Nakasero, mbele ya macho ya kila mtu. Sikuwa na njia ya kumfikia ambayo isingeuliza maswali. Na yeye aliamini nimechoma.

Nikaenda kwa Mama Zubeda. Picha zilikuwa zimerundikwa barazani, labda thelathini, zikisubiri gari la kuzichukua jioni. Wanawake wanne wamekaa pale wanachambua mboga. Nikaiona ya kwangu, ya pili kutoka juu, fremu ya seremala wangu, nzuri kuliko zote, hata katika hali ile niliona hivyo.

Nikacheka, kicheko cha mtu mwenye homa. "Mama Zubeda, nimekuja kuchukua fremu yangu. Picha ni ya serikali, fremu nilinunua mwenyewe."

"Fremu gani?" akasema. "Rais amekaa ndani miaka yote hii. Hiyo sasa ni nyumba ya serikali."

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema, "Mama Akello hata ubao wake una cheo!"

Mama Zubeda akaiinua ile fremu. Akaipima mkononi. Akachukua nyingine, akaipima mkono wa pili. Uso haukubadilika.

"Mbona mutu yako nzito kuliko ya wengine?"

Kiswahili chetu cha laini kilikuwa hivyo, hakikujali kitu. Lakini nilikisikia mpaka kwenye mifupa.

Na mimi, Mungu anisamehe, mdomo wangu ulijibu kwa mazoea. "Kioo ni kinene. Mimi sinunui vioo vyembamba kama watu wengine."

Alinitazama juu ya miwani. Akasema, "Nenda upike, Mama Akello. Mimi nitaangalia."

Nitaangalia.

Nilirudi nikapika. Maharage yaliungua, nikaweka mengine, yakaungua. Nilipanga kanga mbili kwenye kikapu, na viatu vya Akello. Nikavitoa. Ningeenda wapi na mtoto, nimwache mwanaume wangu langoni na bunduki ya serikali, hajui chochote? Nilimlaani seremala. Nikajilaani mwenyewe. Nilifikiria ile barua ikisomwa kwa sauti, "mwambieni mama asilie," na mtu akiandika majina yetu pembeni.

Saa tisa alikuja peke yake. Aliingia bila hodi, kitu ambacho Mama Zubeda hakuwahi kufanya. Chini ya kwapa fremu yangu, tupu, kioo kimepanguswa. Mkononi bahasha kubwa ya kaki. Akaviweka mezani, akaketi kwenye kile kiti cha wageni, akanyoosha gauni juu ya magoti.

Nikasubiri.

"Mama Akello," akasema, "mtoto yako ni ya tano."

Macho yangu yalikuwa kwenye bahasha.

"Ya tano. Na muhula ingine ya saba. Hesabu alama arobaini na nne! Na wewe kila siku bombani unapigia sisi kelele, wa kwanza, wa kwanza, masikio yetu yanauma. Wallahi, huoni haya?"

"Naona," nikasema.

"Haya." Akainuka. Akaitazama picha mpya ukutani, taratibu, kuanzia bega mpaka bega, kama mtu anayekagua godoro. "Hapa usiweke kitu tena. Itakuja ingine. Hiyo kifua bado ina nafasi."

Akatoka.

Nilikaa muda mrefu kabla ya kuelewa nilichopewa. Maneno yale kuhusu kifua cha Rais, watu walipotea kwa madogo kuliko hayo. Mke wa sajini aliniachia mezani kwangu neno la kumwua yeye, liwe sawa na neno la kutuua sisi lililokuwa limepita mikononi mwake. Tukawa sawasawa.

Nikafungua bahasha. Kila kitu kilikuwemo, cheti cha ndoa, barua ya kazi, ubatizo, ripoti. Barua ya Ogwang nilikuwa nimeiweka peke yake, imekunjwa ndogo. Sasa ilikuwa imenyooshwa vizuri, imelala katikati ya ripoti ya Akello. Ilikuwa imesomwa. Hakuitaja siku ile, hakuitaja kesho yake, hakuitaja miaka yote tuliyobaki majirani. Alitaja "ya tano" tu. Hilo alilitaja kila alipopata nafasi. Nikienda kuchukua sukari: "Karibu, mama wa tano." Wanawake wengine walidhani ananichukia.

Krismasi ile nilipanda basi hadi Lango bila karatasi yoyote ya Ogwang, nimeishika barua yote kichwani, nukta mpaka nukta, nikamsomea mama mkwe jikoni kwake nikiwa nimefumba macho. Aliomba nirudie mara tatu. Hiyo ndiyo akili niliyowaambia kwamba ilikuwepo.

Na Mama Zubeda sikumshukuru. Ningeshukuru kwa lipi? Kushukuru kungekuwa kukiri alichokiona, na kukiri kungekuwa kumfunga kamba shingoni. Nilimpelekea karanga za kusaga. Alisema zina chumvi kidogo.

Halafu vita vya kumng'oa Rais vikafika Kampala. Mizinga ilisikika kutoka kusini, na sasa ikawa zamu ya watu wa kwao kukimbia. Zile familia ambazo jana ziligawa sukari zilipakia magodoro kwenye malori kuelekea kaskazini, na barabarani kijiji chako kilitosha kukuua, kama zamani, ila vijiji vingine. Sajini alikuwa hajaonekana wiki mbili. Mama Zubeda alikuja mlangoni kwangu, gauni limepigwa pasi hata siku ile, na furushi la leso limefungwa fundo mara mbili.

"Karatasi zetu," akasema. "Nikikutwa nazo njiani, tumekwisha. Wewe unajua kuweka. Lakini usiweke nyuma ya mutu."

Nikapokea. Lori likapiga honi. Zubeda alikuwa juu tayari, msichana mkubwa sasa, ameshika sufuria mapajani. Akello alimpungia mkono akilia. Nilifungua mdomo wangu, huu mdomo unaojua kutangaza, na hakuna kilichotoka. Lori likaondoka.

Hawakurudi. Nilisubiri. Tulipohama laini nilihama na furushi. Nyumba tatu nilihama nalo, Baba Akello nilimzika, na furushi likabaki chini kabisa ya sanduku. Sikulifungua. Halikuwa langu.

Leo Akello alipofika chini ya sanduku akalinusa. "Mama, kuna ukungu kwenye fundo. Usipofungua, zitakufa humo ndani."

Mtu mwenye karatasi safi kuliko Kampala nzima, na zile alizokabidhiwa zimeshika ukungu. Nilijisikia vibaya. Nikakubali.

Leso tuliikata fundo kwa mkasi. Ndani, Mungu ni mwema, unyevu ulikuwa umegusa pembeni tu. Cheti cha ndoa kutoka kwa kadhi. Kitabu cha kazi cha sajini. Kadi ya kuzaliwa ya Zubeda. Na ripoti zake za shule, zote, zimefungwa uzi mweupe.

Akello akafungua ya kwanza, akacheka. "Mama. Nafasi: wa kwanza."

Ya pili, wa kwanza. Ya tatu, wa kwanza. Darasa la sita, mwaka uleule niliokuwa nasimama bombani, mihula yote mitatu, wa kwanza.

Na yule mama alijaza ndoo yake akasema hongera.

Nilimwangalia mwanangu nikasema, mwanangu, lazima nikuambie kitu, wewe hukuwa wa kwanza. Akaniambia, "Mama, ripoti ilikuwa ya kwangu. Nilijua tangu wakati ule. Laini nzima ilijua." Tukacheka mpaka tukashika mbavu, nami nikafikiri hapo ndipo siku yangu imeisha.

Kisha nikaona chini ya ripoti, pale panapoandikwa sahihi ya mzazi.

Palikuwa na alama ya dole gumba. Wino wa zambarau. Ripoti ya kwanza, dole gumba. Ya pili, dole gumba. Zote.

Mama Zubeda hakujua kusoma.

Miwani ile. Daftari la sukari. Nakumbuka sasa, ni Zubeda aliyekuwa akisoma majina ya mgao, mama yake amesimama nyuma yake akitazama watu. Tulidhani anamzoesha mtoto kazi. Siku ya picha, alipofungua mgongo wa fremu akakuta karatasi, hakuweza kujua ni nini. Angeweza kumsubiri mume wake arudi azisome. Na kama angemsubiri, ningekuwa naandika habari nyingine leo, au nisingekuwa naandika.

Hakumsubiri. Alimwita binti yake ndani.

Mtoto wa miaka kumi na miwili ndiye aliyesoma barua ya Ogwang, neno kwa neno, Tanzania, jina letu, yote. Ndiye aliyesoma "wa tano." Jioni ileile nilimwona uani akishika ncha ya kamba, Akello anaruka, na yeye anahesabu kwa sauti. Hakusema. Miaka yote, mtoto, kinywa kimefungwa, na mimi mtu mzima nilishindwa kufunga changu bombani.

Nimekaa na hilo tangu saa nne asubuhi. Akello ameondoka, mvua inaendelea.

Sitaandika hapa jina la baba yako wala la kijiji chenu, Zubeda. Tumejifunza. Lakini utajijua: laini ya Nsambya, mlango wa tatu, kamba ya kuruka, mama mwenye miwani. Kama uko hai, popote ulipo, ripoti zako ziko kwangu, na kadi yako, na ndoa ya wazazi wako. Nimeziweka kwenye gazeti jipya, nimezitenganisha na leso.

Mama yako sikumshukuru. Wewe sikujua hata kwamba nina deni la kukushukuru.

Asante, mwanangu. Nimechelewa sana. Lakini karatasi ni kavu.